Kurasa Mbili Zisizoitika Hodi

Nairobi, 9 Januari 2024

Kwa Mama Mkubwa Bi Umulkheir,

Assalamu alaykum. Nakubusu mikono yote miwili, maana najua barua hii ikifika utakuwa umeshawaambia watu wa mtaa mzima kuwa Israa amepotea Nairobi. Sijapotea. Nimebadilisha kazi, ndiyo sababu ya kimya changu. Huku asubuhi ni baridi, mchana jua kali, na mafua hayaniachi. Yale mahamri uliyompa Shukri aniletee yalifika manane. Ulimpa mangapi? Usimuulize, nitamuuliza mwenyewe.

Kazini naketi meza moja na Nerea, msichana wa Kakamega, mjuzi wa kompyuta kuliko mimi ingawa simwambii. Nimemweleza daftari letu la nyumba: kwamba babu alilianzisha kwa kalamu, kwamba kila mtu wetu ana ukurasa wake, na ukurasa huo hauandiki mwenyewe bali kifungua mimba wake, na asiye na mtoto huandikiwa na ndugu anayemfuata. Akacheka. "Kwa hivyo nikikosana na mtoto wangu naandikwa vibaya?" Nikamwambia, hasa.

Sasa daftari lenyewe. Tangu tulitoe kwenye karatasi, miaka mitatu hii, lilikuwa mtandaoni kwenye ghala la kampuni niliyoiacha. Walinikubalia nitumie pembe moja. Kwa kuwa nimeondoka, akaunti ile wataifuta tarehe 31 Machi, na ni haki yao. Kwa hiyo nimeandika programu ndogo, ikapita ukurasa baada ya ukurasa, ikatoa nakala ya kila ukurasa pamoja na vitu vilivyowekwa chini yake, picha, barua, sauti, ikavipeleka kwenye akaunti yangu mwenyewe. Kurasa 214 zimetoka, kurasa 214 zimeingia. Tableti yako sasa inasoma daftari jipya. Huna la kufanya, fungua tu kama kawaida.

Uliniuliza kuhusu zile kaseti za kidakani, pale ukutani. Kama zimeshaliwa na chumvi unavyosema, zitupe. Sauti zimo daftarini.

Na ule ukurasa ulionikumbusha, nitauandika nikipata nafasi.

Msalimie ndugu yangu Ammar. Mwambie nasikia harufu ya posa mpaka huku.

Mwanao,
Israa


Amu, 27 Januari 2024

Mwanangu Israa,

Waalaykumu salaam warahmatullah. Mkono umebusiwa, alhamdulillahi. Mahamri yalikuwa ishirini. Shukri ana tumbo la punda, na ukimuuliza atakwambia yalimwagika gatini Mokowe.

Sisi wazima. Mjomba wako Abdulghafur amekuja kutoka Chundwa na gunia la simsim na sikio moya lisilosikia, kwa hivyo sasa tuko wawili tunaopigiana kelele humu ndani. Pua yako haikukosea: Ammar ameposa na amekubaliwa. Msichana ni Maram, binti wa Bwana Dawud fundi wa milango. Arusi ni Alkhamisi tarehe 25 Aprili, baada ya Idi, inshallah. Tangu apewe jibu Ammar hali akashiba. Juzi alitia chumvi kwenye chai akainywa yote.

Usinipigie simu juu ya haya ninayokuja kuyasema. Simu yangu naipaza sauti ndipo nisikie, na nyumba hii kila ukuta una masikio. Simu ni ya kuulizana hali. Mambo ya daftari huandikwa.

Nimelifungua daftari lako jipya. Zuri, laenda mbio. Lakini naliona kama limepungua. Sijui nikwambieje. Kuna pahali nilikuwa nikipita kila Ijumaa baada ya sala, sasa ndia yake siioni. Nimezunguka humo siku tatu. Hebu nitazamie.

Kaseti nimezitupa, uliponipa ruhusa tu. Zilikuwa zimefanya ukungu mweupe.

Ule ukurasa sikuulizi tena.

Mama yako mkubwa,
Umulkheir


Nairobi, 8 Februari 2024

Mama Mkubwa,

Salamu nyingi na vigelegele vyangu vyote kwa Ammar. Mwambie Maram simjui lakini tayari namwonea huruma. Nimeshaomba ruhusa kazini wiki ile ya arusi, na Nerea anataka kuja kuona punda wasiolipa maegesho. Mafua yamepona. Nimehamia chumba chenye dirisha, kinatazama ukuta wa jirani, lakini ni dirisha.

Nimelitazama daftari kama ulivyotaka. Nimehesabu mara tatu, kule 214 na huku 214. Sikufungua kurasa moja moja, ni nyingi, lakini hesabu ni hesabu na programu haichoki wala haisahau. Nafikiri unagusa sivyo. Ukibonyeza jina kwa muda mrefu inafungua kitu kingine kabisa. Tafadhali vaa miwani, ile mpya, si ile uliyoifunga uzi.

Hukuniambia ni pahali gani hapo unapopita Ijumaa. Ungeniambia ningetazama hapo hapo.

Kwa sasa kazi imenibana. Tuonane Aprili.

Mwanao,
Israa


Amu, 20 Februari 2024

Israa,

Salaam. Wazima. Simsim imekwisha, nusu imeliwa na Ammar. Miwani nimevaa, ile mpya.

Mimi nimefundisha hesabu darasa la sita miaka thelathini na moya, kwa hivyo usinihesabie. Nilikuwa sitaki kulitaja jina lake katika barua kwa sababu nilijua hutaki kulisoma. Sasa nalitaja. Mamako. Mardhiya. Ukurasa wake haumo daftarini, na sauti zake hazimo.

Sauti kumi na moya, Israa. Mwaka ule aliougua alizirekodi nyimbo zake za vugo, ili wanawake wa kikundi chake wasije wakazisahau arusini. Ya mwisho aliirekodi mwezi mmoja kabla ya kufariki. Redio ya kaseti ilikufa zamani, na kaseti zenyewe zimeondoka na punda wa taka kwa sababu wewe uliniambia sauti zimo. Hakuna pengine zilipo.

Ndugu yako alikuwa na miaka miwili. Hajapata kuisikia sauti ya mamake akaijua, wala hajui kama nilikuwa nayo. Nilikuwa nimemwekea. Siku ya arusi, kabla hajatoka kwenda msikitini, nimketishe chumba cha ndani nimfungulie, angalau na yeye aondoke nyumbani na mamake yupo. Miaka mitatu naificha zawadi hii, na tableti nimemkataza asiiguse. Sasa nitamfungulia nini? Nakasirika, na nikimaliza kukasirika naogopa. Sijui lililo baya zaidi.

Nijibu upesi. Barua hii nampa Shukri leo, amekula kiapo kuwa Alkhamisi yuko Nairobi.

Umulkheir


Nairobi, 19 Machi 2024

Mama Mkubwa,

Ramadhani karimu. Barua yako ya tarehe 20 Februari nimeipata leo baada ya kufuturu. Shukri alipita Kiunga kwanza kupeleka spea za mashine ya boti, mashine ikamkatalia wiki tatu, na barua ilikuwa mfukoni mwa koti alilolitundika. Nimemtukana, Mungu anisamehe kwa mwezi huu.

Zimebaki siku kumi na mbili akaunti ya zamani ifutwe. Nimejaribu kuingia, na ufunguo wangu wameshauzima. Nimeutafuta ukurasa wa mama kwenye daftari jipya, na nikwambie ukweli, ni mara ya kwanza nautafuta. Hakuna kitu. Ulikuwa sahihi tangu Januari na mimi nikakufundisha kuvaa miwani.

Sijui bado kama tutazipata. Nimemwandikia msimamizi wa ghala kule nilikotoka. Sikupigii kwa sababu ya Ammar. Barua hii naituma na abiria wa ndege ya kesho. Niombee, na usimwambie bado.

Israa


Nairobi, 23 Machi 2024

Mama Mkubwa wangu,

Jana kwenye simu nilisema neno moja tu, "zimepatikana", ukakata bila hata kusema kheri. Nerea akauliza kama umekasirika. Nikamwambia la, analia na hataki nisikie. Sasa nakuandikia kama unavyotaka. Zimepatikana zote, alhamdulillahi, kumi na moja, hakuna hata moja iliyopungua sekunde. Tangu jana naenda njiani nacheka peke yangu na watu wananipisha.

Kule nilikotoka msimamizi anaitwa Fanuel, mtu wa kazi kwa kanuni, anayeandika hata muda wa kwenda kunywa chai. Alinifungulia kwa saa mbili. Nikaingia nikakuta kila kitu kimekaa pale pale ulipokiweka.

Kosa lilikuwa langu, nami nalieleza ili usije ukalilaumu jicho lako tena. Ghala hili la nyaraka lina tabia moja. Ukiweka picha au sauti chini ya ukurasa wa mtu, inakaa vizuri. Lakini ukurasa wenyewe ukiwa haujaandikwa hata neno moja, ghala haliuhesabu kuwa upo. Vilivyo chini yake vipo, wenyewe haupo. Na programu yangu ilikuwa inapita kama mtu anayehesabu watu wa mtaa kwa kupiga hodi. Mlango ukiitika, anaingia anaandika kila kilichomo. Usipoitika, anapita zake, na wala hauweki kwenye hesabu. Zilizoitika ni 214 na zilizohesabiwa ni 214. Ndiyo maana mimi niliona kila kitu sawasawa.

Nerea alisimama nyuma yangu akasema, "Zii, sivyo, Israa. Wewe unaitisha zenye zimeandikwa peke yake. Itisha majina yote, hata ya zenye haziko." Kuna namna ya kuuliza hivyo, ni mstari mmoja tu. Nikauliza. Yakaja majina 216.

Wa mama ulikuwa mtupu kwa sababu kifungua mimba wake ni mimi, na sikuuandika. Barua zote hizi hukunitupia lawama hiyo hata mara moja, ingawa ulijua ni nani aliyeuacha hivyo. Nimeona ulivyonisitiri. Ahsante, na nisamehe.

Nerea akasema kwenye kurasa tupu nitie neno lolote, hata nukta, zisirukwe siku nyingine. Halafu akasema ni lazima nifungue kila sauti nihakikishe inalia, la sivyo nitakuwa nimehifadhi majina matupu. Nikamwomba afungue yeye. Akasema, "Mimi sijui mamako anasikika aje."

Mama Mkubwa, hata mimi sikuwa najua. Hilo ndilo lililonizuia miaka yote hii. Nilikuwa na miaka tisa. Nakumbuka kitanda, nakumbuka harufu ya dawa na nyie mkininyamazisha mlangoni, lakini sauti yake ilikuwa imenitoka kabisa. Nikaona aibu. Ni mwana gani atakayeandika ukurasa wa mamake naye hata sauti yake haikumbuki? Na sauti zilipokuja nikaziogopa, maana kama ningezisikiliza nisiitambue ningefanyaje? Basi nikawa nasema nitaandika nikipata nafasi. Nafasi nilikuwa nayo tele.

Nikavaa visikizi nikaanza. Ya kwanza nyimbo. Ya pili nyimbo. Ya nne anakohoa, anaomba maji, anaanza upya. Niliijua tangu kile kikohozi. Ya saba, katikati ya wimbo, anasimama anasema, "Israa! Weka sufuria ya watu tini, wanivuruga!" Kuna mtoto anacheka, sufuria inagongwa tena, naye anacheka mpaka anashikwa na kwikwi. Na wewe umo, kwa mbali, unasema, "Mwate, apiga vyema kuliko weye." Nikacheka ofisini, kisha nikalia, Nerea akaenda kufunga mlango. Miaka ishirini na mitatu nimedhani nilikuwa mtoto wa kukaa kimya nje ya chumba cha mgonjwa. Kumbe nilikuwa ndani, napiga sufuria.

Kuna jambo jingine. Kurasa zilizorukwa ni mbili. Wa pili ni wako.

Nilijua kuwa aliyekuwa akuandikie ni mama, kwa kuwa huna mtoto, naye akatangulia. Sikujua kama chini yake umeweka kitu. Nilifungua kuhakikisha tu, sikupekua, wallahi. Ni picha za barua zangu, sabini na nne, zote nilizokuandikia tangu kidato cha kwanza, hata ile ya kuomba sabuni na pesa za matumizi. Zilikuwa zimepotea pamoja na sauti za mama, na hukuziulizia hata kwa fumbo. Ulidai vya mama, vyako ukavinyamazia. Kwa nini?

Zote zimo sasa. Nakala mbili ziko mtandaoni, na ya tatu iko katika kifaa kidogo nitakachokuja nacho mwenyewe arusini. Shukri hatakigusa.

Mwanao,
Israa


Amu, 6 Mei 2024

Mwanangu Israa,

Waalaykumu salaam. Nimesikia umefika salama, na Nerea amefika na pweza mkavu niliyempa, mwambie asimwogope, amle. Nyumba imekuwa pana mno tangu muondoke. Ammar amehamia kwa mkewe lakini staftahi aja kula kwangu, Maram ajua wala hanuni, ateka tu. Chai sasa atia sukari.

Siku ile ya arusi uliketi ngazini hukutaka kuingia, nami sikukulazimisha. Basi nikuelezee. Nilimketisha Ammar, nikampa visikizi vyako, nikamwambia, huyu ni mamako. Ya saba aliisikiliza mara nne. Hakulia. Akasema, "Kumbe akiteka hushikwa na kwikwi, kama mimi." Kisha akavaa joho akatoka. Abdulghafur aniambia kule msikitini bwana arusi alikuwa akitabasamu peke yake mpaka shekhe akamuuliza kama amelisikia swali. Mimi niliketi pale pale chumbani mpaka kina mama walipokuja kunitoa. Mwili wangu mzima ulikuwa mwepesi, mwanangu. Toka Februari nilikuwa silali.

Uliniuliza kwa nini sikudai vyangu. Arusini nilikukwepa, sasa nakujibu. Vitu vya Mardhiya vilikuwa vya Ammar, na vyako. Barua zile ni zangu mwenyewe na sikuona haki kukusumbua kwazo. Na la pili, nalo nitalisema. Nilidhani umeziona ukazipita makusudi. Nilidhani umefika ukurasa wa mama yako mkubwa ukaona hapana mtu hapa. Miezi miwili nilikuwa na fikira hiyo, nikawa nakusalimu kwa ukali. Haikuwa kweli, na nimefurahi haikuwa kweli kuliko nilivyofurahi kuzipata barua. Nisamehe na mimi.

Ijumaa baada ya sala nililifungua daftari nikapita ndia yangu. Ukurasa wa mamako una maneno. Hukuniambia, uliandika ukaondoka. Mara ya kwanza niliusoma na miwani mpya. Mara ya pili miwani haikufaa kitu kwa matozi. Umeandika:

"Mardhiya, wa nyumba hii. Aliimba akiwa na homa. Akicheka alishikwa na kwikwi. Mtoto wake alimvuruga kwa sufuria wala hakumfukuza chumbani."

Una kosa moya. Sufuria ilikuwa yangu, na ulinitobolea. Sikusahihisha.

Sasa ni wangu mimi. Mamako hayupo, na kifungua mimba sina ila wewe, kwa hivyo utauandika wewe. Sikuharakishi. Lakini mashine yako siiamini, na wewe mwenyewe wajijua kwa kuchelewa. Basi nimevunja mila kidogo, babu yako anisamehe huko aliko. Nimetia neno moya yuu ya ukurasa wangu, ili siku ikipigwa hodi tena asinipite mtu. Nimeandika: Karibu.

Mamako,
Umulkheir